Tathmini Uliyoijaza Kabla ya Somo

Minza mwanangu,

Umekwenda Katoro kusukwa nywele, na najua hutarudi kabla ya magharibi kwa sababu yule dada anasuka huku anapiga soga. Baba yako yuko uani anafunga godoro lako kwa kamba. Anafunga, anafungua, anafunga tena, na hataki kusaidiwa. Basi nimepata nafasi. Sitakuandikia habari za kula vizuri na kufunga mlango, hayo shangazi zako watakuimbia kwenye simu mpaka uchoke. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika. Hasira yenyewe imeanza kwako, lakini nilipoifuata nimeona inaishia kwangu.

Asubuhi nilikuwa natafuta mkasi, nikalikuta daftari lako la maandalio ya masomo juu ya begi. Nikalifungua. Mama mwalimu na mtoto mwalimu, nani angenizuia? Kwanza nilifurahi. Mwandiko wako umetulia, mistari umepiga kwa rula, na somo la kwanza utakalofundisha huko Samuye walikokupangia umeshaliandaa lote: Sayansi, darasa la tano, mahitaji ya mmea. Kwenye safu ya shughuli za mwanafunzi umeandika, "Wanafunzi watachunguza na kugundua kuwa mmea unahitaji mwanga." Nikasema haya, vizuri. Nikashuka mpaka chini kabisa, penye tathmini ya mwalimu. Nikakuta umeandika, "Somo limefundishwa na limeeleweka vizuri. Wanafunzi wengi wamefikia lengo."

Minza, limefundishwa lini? Wamefikia lengo wanafunzi gani? Shule hujaiona. Hujui darasa lina madawati mangapi, hujui kama lina dirisha. Mtoto hata mmoja hajakwambia shikamoo, na wewe umeshaandika kwamba ameelewa!

Nilishika simu nikugombeze hapohapo, na dada wa nywele asikie. Kisha nikaiweka chini. Hayo hukujifunza chuoni. Umejifunza mezani kwangu, pale ulipokuwa unafanya kazi zako za shule, mimi upande wa pili najaza maandalio ya wiki nzima Jumapili baada ya ibada, pamoja na tathmini zake zote, ili Jumatatu mwalimu mkuu agonge muhuri. Ijumaa ilikuwa haijafika, lakini kwenye daftari langu Ijumaa watoto walikuwa wameshaelewa.

Na juzi kwenye maombi ya kukuaga ukanimaliza kabisa. Ulisimama mbele ya watu ukasema uliipenda Sayansi siku uliyogundua chumvi, ukiwa darasa la tano, mama yako akiwa ndiye mwalimu. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akanigeukia akitabasamu. Mimi nilitazama chupa yangu ya soda.

Hukugundua, mwanangu. Nilikwambia mimi. Sijui kama umesimulia habari hiyo mara nyingi mpaka ukaisahau ilivyokuwa, au unakumbuka vizuri na unanifichia aibu. Yote mawili yananiuma. Ndiyo maana nataka uisome kwa mkono wangu kabla hujasimama mbele ya watoto wa watu.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule tuliitwa kituo cha walimu kufundishwa mbinu mpya ya kufundisha Sayansi kwa uchunguzi. Mwalimu asimwage majibu. Alete swali, watoto wabuni, wajaribu, waangalie, wabishane, halafu wao wenyewe waseme wameona nini. Niliipenda mbinu ile kwa moyo wote, na naipenda mpaka leo. Lakini aliyetufundisha alisimama mbele yetu siku tatu akitusomea kutoka kwenye karatasi, sisi tukinakili. Siku tatu anatuhutubia ubaya wa kuhutubia! Mwenzangu mmoja alipouliza hayo yatafanyikaje kwenye darasa la watoto tisini na sita wenye sufuria moja, akaambiwa swali zuri, tutalirudia. Halikurudiwa.

Tuliporudi tukakuta taarifa kwamba mkaguzi anakuja, na anataka kuona somo la uchunguzi. Siku hizi wanaitwa wadhibiti ubora, lakini walimu tunawaogopa vilevile. Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Mama Minza, shule inakutegemea. Watoto wagundue."

"Wasipogundua, mwalimu?"

"Wagundue," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nami nikahakikisha wanagundua. Nilichagua somo la kutenganisha michanganyiko: mchanga, chumvi na vipande vya misumari. Nikawaita watoto sita kibarazani siku moja kabla, kila mmoja nikampa ugunduzi wake. Mmoja wa kusema tutumie sumaku, ile niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio ya baba yako. Mmoja wa kusema tutie maji tuchuje kwa kanga. Wewe nilikupa wa mwisho, ulio mzuri kuliko wote, kwa sababu ulikuwa mwanangu na nilitaka ung'are. Jioni tukiwa tunachambua mchele uliurudia mbele yangu: "Mwalimu, mimi nadhani tukichemsha maji yataondoka, chumvi itabaki." Nikakwambia usiseme haraka. Nikakwambia tazama juu kidogo, weka kidole shavuni, uonekane unafikiri.

Nimefundisha miaka mingi, nimechapa watoto wasiostahili kuchapwa, nimechelewa, nimesahihisha madaftari huku nasinzia. Katika yote hayo hakuna linalonichoma kama lile la kumfundisha mtoto wangu kujifanya anafikiri.

Siku ikafika. Mkaguzi akakaa nyuma na faili lake. Somo likaenda vizuri mno. Sumaku ikanasa misumari, kanga ikachuja mchanga, wewe ukaweka kidole shavuni. Tukabandika sufuria kwenye jiko la mkaa, maji yakaisha, weupe wa chumvi ukabaki chini. Darasa zima likasema "Aaa!" Mkaguzi akaandika, nikaona anatingisha kichwa kwa kuridhika.

Ndipo Kabula akanyoosha mkono. Kabula ninayemsema ni yule yule uliyekuwa unakaa naye dawati moja, mtoto wa yule mama aliyekuwa anachenjua dhahabu kule mwaloni wanakooshea mchanga wa dhahabu, karibu na makarasha, zile mashine za kusagia mawe. Hakuwa miongoni mwa sita wangu. Nikasita, lakini mkaguzi alikuwa amemwona, nikamwita.

"Mwalimu, nyumbani mama anachoma zebaki jikoni, dhahabu ndiyo inabaki. Sasa ile zebaki inakwenda wapi? Inapotea kabisa, au inaturudia kwenye ugali?"

Soma tena swali hilo, Minza. Mtoto wa miaka kumi na moja ametazama chumvi yangu, akakumbuka jiko la mama yake, akaona kwamba ni jambo lile lile. Hakuna aliyemwambia. Ubunifu wote tuliohubiriwa siku tatu kituoni ulikuwa umesimama pale na sare iliyopasuka begani. Ndiyo siku pekee katika maisha yangu yote ya ualimu ambayo mbinu ile ilifanya kazi mbele ya mgeni, na ilifanya kazi bila mimi.

Nikasema, "Kabula, kaa chini. Hapa tunajifunza chumvi."

Watoto wakacheka. Naye akakaa.

Andalio lile lilisifiwa. Likapigwa kopi likapelekwa shule nyingine liwe mfano. Lilikuwa limekamilika, kila safu imejaa, tathmini imeandikwa tangu Jumapili. Nikapewa cheti, ndicho kile baba yako alichokitundika sebuleni. Utakapoingia leo utaona ukutani pana msumari mtupu. Nimekitoa.

Kabula hakunyoosha mkono tena kwangu. Sikulitilia maanani. Watoto tisini na sita, mmoja akinyamaza unashukuru. Alimaliza la saba hakuchaguliwa, akaingia mwaloni na mama yake, wewe ukaenda sekondari, na huo ukawa mwisho wa habari, au mimi nilidhani hivyo.

Miaka minne iliyopita, wewe ukiwa chuo, nilikuwa Katoro siku ya mnada nikinunua dagaa. Nikasikia, "Mwalimu, shikamoo." Nikageuka, nikamwona Kabula na kitambaa kichwani, anauza nyanya.

"Marahaba, Kabula! Umekuwa mama mtu mzima. Mama hajambo?"

"Hajambo kidogo, mwalimu. Mikono ndiyo hiyo, inatetemeka, hata kikombe hakikai. Na maneno yanampotea. Tulimpeleka hospitali, daktari akatuuliza zebaki mnachomea wapi. Tukamwambia jikoni, masika mlango tunafunga. Akasema ule moshi ndio zebaki yenyewe. Haipotei. Inaganda ukutani, kwenye sufuria, kwenye nguo, na sisi tunaivuta."

Nikashika nyanya, nikaiweka chini.

"Si unakumbuka niliwahi kukuuliza?" akasema. Hakusema kwa ubaya, Minza. Alikuwa anakumbushia mambo ya shule, hivyo tu.

"Nakumbuka."

"Basi mimi nilidhani niliuliza upuuzi."

Kisha akaniongezea nyanya mbili juu, kwa kuwa mimi ni mwalimu wake. Nikazibeba mpaka nyumbani nikashindwa kuzipika.

Sikwambii kwamba jibu langu lingemwokoa yule mama. Pengine angeendelea, maana tumbo halingoji. Lakini pengine angehamishia jiko nje. Pengine mtoto asingelala chumba kimoja na moshi ule miaka yote ile. Sitajua, kwa sababu sikumpa hata neno la kupeleka nyumbani. Nilimpa kicheko cha wenzake. Na hapo nakasirika na kila mtu. Nakasirika na wanaouza zebaki kwenye vichupa vya dawa ya macho, mama wa watu anatia kwenye pindo la kanga na hakuna anayemwambia kitu. Nakasirika na wenye makarasha ambao wanajua, na watoto wao wanaishi mjini mbali na moshi. Nakasirika na makaratasi yanayotaka mwalimu aandike mtoto atagundua nini, siku gani, kipindi cha ngapi. Anayejua Jumapili kitakachogunduliwa Jumatano hafundishi uchunguzi, anaongoza maigizo. Na nikishamaliza kuwakasirikia wote, nabaki mimi na chaki yangu.

Nililiandaa upya somo lile. Safari hii nilianza na sufuria ya maji yanayochemka na swali moja tu ubaoni: yanakwenda wapi? Kwenye safu ya shughuli za mwanafunzi niliandika watajaribu nini, lakini watagundua nini sikuandika. Tathmini niliiacha wazi. Nikanyamaza, na kunyamaza kwa mwalimu ni kazi ngumu, utaona, ulimi unawasha. Kundi moja likasema maji yanakufa. Kundi jingine likasema yanaingia kwenye mkaa. Kuna mtoto akasema yako hewani, wenzake wakamzomea, akataka sahani ya bati akaishikilia juu ya mvuke. Matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye sahani. Akawageukia akawaambia, "Haya, zomeeni tena."

Hapo ndipo nilipowaambia waziwazi habari ya zebaki. Sikuileta darasani, wala wewe usijaribu kamwe kuleta sumu darasani ili uonekane hodari. Niliwaambia nilichokithibitisha kwa mganga wa zahanati, na nikawaambia pia kwamba zamani mtoto aliniuliza nikamnyamazisha. Walinitazama sana.

Wiki iliyofuata wakaja akina mama wanne, wamejifunga kanga kiunoni, nikajua nimekwisha. Kumbe walitaka kujua wachomee wapi. Tukakaa tukazungumza. Nje, mbali na jiko na watoto, ni afadhali kuliko ndani, lakini nje nako si salama. Kuna kifaa cha kunasa ule moshi, hatukuwa nacho, na waliopaswa kutuletea mpaka leo wanakuja kesho. Siku mbili baadaye akaja mwanamume mmoja mwenye karasha, pikipiki akaiegesha mlangoni kwa darasa, akanifokea mbele ya wanafunzi kwamba nawafundisha watoto kudharau kazi inayowalisha. Nilimwambia shule ina ofisi. Akaenda ofisini. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia nifundishe kilichomo kwenye muhtasari.

"Kuvukiza kumo kwenye muhtasari," nikasema.

"Kwa chumvi, Mama Minza. Kwa chumvi."

Na mdhibiti ubora alipopita muhula ule, akalipigia mstari andalio langu kwa wino mwekundu: "Halijakamilika." Lile la uongo lilisambazwa wilaya nzima. La kweli halijakamilika! Karatasi hiyo ninayo, na kama pana kitu cha kutundika sebuleni, ni hiyo.

Sasa unakwenda Samuye. Huko hakuna makarasha, kuna pamba, dengu na ng'ombe. Maswali ya watoto wa huko siyajui, na wewe huyajui, na huo ndio mwanzo mzuri. Labda mmoja atauliza kwa nini michembe, viazi vilivyokatwa vikaanikwa, inakaa mwaka mzima bila kuoza na kiazi kibichi hakimalizi mwezi. Labda mwingine atauliza dawa ya pamba inakwenda wapi mvua ikiosha majani. Atauliza kwa Kisukuma, au kwa Kiswahili cha kuokotaokota, siku ambayo umechoka, kipindi kimebaki dakika tano, na swali halimo kwenye daftari lako. Zipo siku utahubiri ubaoni kama sisi wote kwa sababu watoto ni wengi na sauti ndiyo zana pekee uliyo nayo. Kwa hilo sikulaumu. Wakikulazimisha kujaza tathmini, jaza, ila somo likiisha, na kama halikueleweka andika halikueleweka. Watakukaripia. Kukaripiwa kwa kweli uliyoiandika kunaisha jioni ile ile, hilo nakuhakikishia.

Ukurasa ule wa kwanza sikuuchana. Daftari ni lako, utaamua mwenyewe.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni lako. Nimekunyang'anya chumvi mbele ya macho yako, si haki nikuache mikono mitupu. Siku ile ya mkaguzi tulirudi nyumbani pamoja, mimi nina furaha yangu ya kusifiwa, wewe umebeba sufuria kichwani. Tulikuwa tumepita kanisa ulipouliza, "Mama, kwa nini ulimwambia Kabula akae chini?" Swali hilo hukupangiwa na mtu. Hukuweka kidole shavuni. Ulikuwa umeona jambo kwa macho yako, likakusumbua, ukataka kujua. Mimi nikakwambia nyamaza, tembea, jua linazama. Nawe ukanyamaza, na hujaniuliza tena mpaka leo.

Nilimwambia akae chini kwa sababu jibu sikuwa nalo, mgeni alikuwa ananitazama, na mimi, mwalimu wa Sayansi, niliona heri mtoto wa watu aonekane mjinga kuliko mimi.

Ni mimi mama yako, niliyechelewa kukujibu.